Meza Nikuone

Paka alipoacha kula, baba naye akaacha. Hakutangaza. Aliketi kwenye kiti chake kama kawaida, akanawa mikono, akamega tonge la kwanza la wali, akalibonyeza kwa kidole gumba mpaka likawa bapa, kisha akainama na kuliweka kwenye kifuniko cha kopo kilichokuwa sahani ya Bawabu. Bawabu alilinusa. Akafungua kinywa kama mtu anayetaka kusema neno, akakifunga, akarudi nyuma huku akijikwaruza shavu kwa mguu wa mbele. Baba akasubiri. Wali ukapoa, mchuzi ukafanya utando.

"Baba, kula."

"Nitakula, mama. Mgeni wangu hajaanza."

Alimwita bintiye mama kwa sababu alikuwa amerithi jina la bibi yake mzaa baba, naye binti alikuwa ameshazoea kuwa mama wa mtu aliyemzaa. Alikuwa mpiga pasi kwenye dobi la barabara kuu. Alirudi jioni miguu imemvimba, nguo zimeshika harufu ya mvuke, akapika, akaandaa, na sasa alikuwa akitazama chakula chake kikikataliwa na viumbe wawili kwa mpigo.

Desturi ya tonge la kwanza ilianza baada ya mama kuzikwa. Baba alikuwa hawezi kuanza kula katika nyumba ambayo aliyezoea kusema "karibuni" hayupo, basi akampa paka kazi hiyo. Paka akila, na yeye anakula. Ilianza kama mzaha, na mizaha ya wafiwa ina tabia ya kuota mizizi. Huyo paka mwenyewe alilala kizingitini akilinda mlango bila mshahara, kila anayeingia sharti amruke, ndiyo maana akaitwa Bawabu.

"Kesho nampeleka kwa daktari wa mifugo," binti alisema.

"Paka huyu ameishi zaidi kuliko ndoa yako. Labda umri tu."

"Ndoa yangu hata kuku wa mayai angeipita, baba. Kesho tunakwenda."

Baba akacheka kidogo, kicheko cha puani, akanawa mikono ambayo haikuwa imekula kitu. Aliposimama, alishika suruali kiunoni isimporomoke. Binti akaona. Akajifanya anakusanya vyombo.

*

Walimpeleka ndani ya mfuko wa nguo chafu wa dobi, ule wa turubai wenye matundu ya kupitisha hewa. Kwenye benchi walikaa watu na mbwa wao waliooga. Kijana wa mapokezi aliuliza jina la mgonjwa.

"Bawabu," baba alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja jina la mwanawe shuleni.

Mtu akacheka. Mwingine akauliza kama paka huyo ana sare. Baba akakaza macho ukutani. Huyu alikuwa mtu aliyeishi miaka yake yote ya kazi nyuma ya dirisha la dawa la kituo cha afya, mtaa mzima ukimwita Dakta ingawa hakuwa daktari. Wagonjwa wa dawa za muda mrefu, wale wanaopenda kuficha kidonge chini ya ulimi na kukitema nje, aliwasimamisha mbele ya dirisha na kikombe cha maji, akawaambia neno moja: "Meza nikuone." Mpaka leo watoto wa mtaa walipomwona walipaza sauti, "Dakta! Meza nikuone!" naye alijifanya anakasirika.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke kijana mwenye mikono baridi. Alifungua kinywa cha Bawabu, na baba na binti wakaona wenyewe: fizi zilikuwa nyekundu na zimetutumka kama nyama iliyotolewa buchani. Akamchukua damu, akatoka, wakasubiri, akarudi na sura ya mtu aliyebeba beseni lililojaa.

"Kinywa kinamuuma sana. Hiyo ndiyo sababu hali chakula. Ningekuwa na paka mwenye mwili mzima ningempa dawa ya maumivu na uvimbe, na jioni angekula. Lakini huyu figo zake zimechoka."

Figo. Neno hilo lilikuwa halitamkwi nyumbani kwao. Mama alikufa kwa figo. Kabla ya hapo, magoti yalimsumbua miaka, na baba alikuwa akimletea vidonge vya maumivu ndani ya mfuko wa shati, akitoka kazini, kama mtu mwingine anavyomletea mkewe peremende. Hakuna aliyewahi kusema kwamba vidonge vile ndivyo vilivyomuua. Hakuna aliyewahi kusema kwamba sivyo.

"Dawa yenyewe inapitia kwenye figo?" baba aliuliza taratibu.

"Inazibana, mzee. Kwa kipimo kidogo sana wengine wanaivumilia vizuri, wanaishi muda mrefu nayo. Wengine figo zinakata tamaa."

"Na asipopewa?" binti akauliza.

"Hatakula. Na paka akikaa bila kula, ini nalo linaharibika. Njia nyingine ni kumng'oa meno, lakini lazima nimlaze kwa dawa ya usingizi, na kwa hali aliyonayo sijui kama ataamka."

"Kwa hiyo mlango huu una simba na ule una chui," baba alisema. "Wewe ndiye msomi. Ataponea wapi?"

"Siwezi kuwaahidi, mzee."

"Mimi nimekaa dirishani maisha yangu. Sijapata kumwambia mgonjwa kwamba siwezi kumwahidi."

"Ulikuwa unawaahidi?" Aliuliza bila kejeli, kama anayetaka kweli kujifunza.

Daktari akachukua chupa ndogo ya kahawia na kibomba cha plastiki kisicho na sindano, akaifungua chupa, akavuta dawa mpaka kwenye mstari wa kwanza, akawaonyesha, akairudisha. "Mkiamua kumpa, ni hapa. Mara moja kwa siku, na chakula. Isivuke mstari huu hata kidogo. Akitapika, au akibadilika namna anavyokunywa maji, acheni, mnipigie."

Nje, baba alimkumbatia paka ndani ya turubai.

"Dawa hiyo haiingii kinywani mwa huyu."

"Umesikia alivyosema kuhusu kutokula?"

"Nimesikia alivyosema kuhusu figo. Iwekwe juu ya kabati, isiguswe. Nikisema nimesema."

Ikawekwa juu ya kabati.

*

"Ruhusa ya paka!" msimamizi wa dobi alisema mbele ya wote, binti alipofika amechelewa. "Jamani, kesho mtaniomba ruhusa ya kumuuguza mende. Kaa kwenye shuka za hoteli, na usiinuke mpaka ziishe."

Shuka za hoteli ndizo kazi iliyomkimbiza kila mtu: pana, nzito, na ukikosea kona moja unarudia zote. Binti akashusha pasi ya mvuke. Mwenzake wa meza ya pili, waliyempa jina la Redio kwa kuwa hazimwi, alisubiri msimamizi aende zake.

"Paka anaendeleaje?"

Akamweleza. Redio alisikiliza huku akinyoosha kola za mashati, moja baada ya nyingine, vidole vikitangulia pasi kwa unywele.

"Sikia, shoga yangu. Wewe humlilii paka. Wewe unamlilia mzee."

"Amekonda, Redio. Nimemtobolea mkanda tundu jipya, na hilo nalo limeshalegea. Nikimwambia kula, anasema mgeni hajaanza. Nimempeleka hospitali, wamesema hana ugonjwa, ale tu. Ale vipi?"

"Basi mpe paka dawa."

"Nikimpa akafa?"

"Usipompa, hafi?"

"Akifa bila dawa, ni Mungu. Akifa na dawa, ni mimi."

Redio akainua pasi, akaishika hewani. "Hapo sina neno," alisema, na hilo lilikuwa jambo la nadra kiasi kwamba mtu wa meza ya tatu aligeuka kutazama.

Binti alikunja shuka, akawaza. Kumwambia baba kwamba ameamua kinyume chake kulikuwa ni kumwambia kwamba neno lake limeisha nguvu. Tena nyumbani kwao mema yalifanywa kwa kificho, kama wizi. Alfajiri alikuta maji ya kuoga yameshapashwa, na baba amerudi kitandani akijikoromesha. Naye aligeuza kola za mashati ya baba zilizochakaa, akazishona upande wa pili, akazirudisha kwenye msumari bila neno. Baba alizivaa, akajitazama kwenye kioo, asiulize. Ndivyo walivyopendana. Mama alipokuwepo alikuwa akiwacheka: ninyi wawili hata salamu mtapeana kwa mlango wa nyuma.

*

Kesho yake alfajiri, baba akiwa bado anajikoromesha, binti akapanda kwenye kiti, akashusha chupa. Akavuta mpaka mstari wa kwanza. Akapeleka kibomba dirishani kwenye mwanga mchanga, akarudisha kidogo, akavuta tena. Akamshika Bawabu katikati ya magoti, akamwingizia pembeni mwa kinywa pamoja na supu ya samaki, na paka akamtazama kwa macho ya njano yasiyouliza kitu.

"Nisamehe," akamwambia. "Au usinisamehe. Kula tu."

Siku ya kwanza hakuna kilichobadilika. Siku zilizofuata Bawabu akalamba mchuzi. Halafu jioni moja baba alibonyeza tonge, akainama nalo, na paka akalivuta kwa ulimi, akalitafuna kwa upande mmoja wa kinywa, akameza. Baba akabaki ameinama. Alipoinuka alikuwa na kitu usoni ambacho binti hakuwa amekiona tangu msiba.

"Karibuni," baba alisema, akaanza kula.

Alikula sahani nzima. Akaongezwa. Akanyonya mfupa wa samaki mpaka ukawa mweupe.

"Unaona?" alisema. "Mwili una akili yake. Hakuna aliyemgusa na dawa, na amepona mwenyewe."

"Kweli, baba," binti alisema, akificha tabasamu lake kwenye glasi ya maji.

Baba naye alikuwa akitabasamu, akitazama pembeni, na binti alidhani ni furaha ya mtu aliyeshinda hoja.

Zilikuwa siku nzuri. Baba alirudi kunyoa ndevu. Watoto walipomwita Dakta aliwafukuza kwa kandambili, wakakimbia wakicheka. Bawabu alirudi kizingitini, watu wakarudi kumruka. Kuna asubuhi binti alikuta kibomba kina tone la maji ndani, akajilaumu kwa kutokikausha vizuri. Asubuhi nyingine chupa ya dawa ilikuwa imegeuka, maandishi yametazama ukuta. Akadhani ameirudisha vibaya kwa haraka ya kuwahi kazini. Mtu mwenye furaha haulizi maswali mengi. Anaogopa majibu yasije yakaichukua.

Aliona pia kwamba bakuli la maji la Bawabu linakauka upesi. Alilijaza, akafikiri: afya imerudi, hata kiu imerudi. Baba alikuwa akilijaza pia, mchana, akifikiri hivyo hivyo.

*

Aliporudi kutoka kazini, mlango ulikuwa wazi na kizingiti kitupu. Baba alikuwa amekaa sakafuni, yeye ambaye magoti yalishamkataza sakafu, na Bawabu amelala kwenye mapaja yake juu ya shati. Kulikuwa na matapishi ya povu karibu na meza.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoondoka. Alitapika, nikadhani ni nywele. Akatapika tena. Sasa maji yenyewe anayatazama tu."

"Mbona hukunipigia, baba?"

"Ulikuwa na shuka za hoteli."

Hawakutafuta hata mfuko wa turubai. Baba alimbeba ndani ya lile shati. Njia nzima binti alikuwa akizungumza kichwani mwake, analipanga ungamo lake, analipangua: ni mimi, baba, nilifanya kwa ajili yako, hapana, usiseme kwa ajili yako, utamtwisha yeye. Mpaka wanafika hajaupata mwanzo wake.

Daktari alimgusa Bawabu tumbo, akavuta ngozi ya shingo ikabaki imesimama bila kurudi. Akachukua damu. Aliporudi hakukaa.

"Figo zimeanguka. Mlikuwa mnampa ile dawa?"

"Ndiyo," binti alisema.

"Nani alikuwa akimpa?"

"Mimi," binti alisema.

"Mimi," baba alisema.

Walilisema kwa pamoja, kama watu waitikiao hodi. Daktari akatazama huyu, akatazama yule.

"Kwa zamu?"

Binti alimgeukia baba, na baba alikuwa ameshamgeukia yeye.

"Mimi alfajiri," binti alisema. "Wewe ukiwa umelala."

"Mimi mchana," baba alisema. "Ukishakwenda kazini." Akameza mate. "Nilimwona anavyojikwaruza, mama. Kutwa nzima mimi na yeye. Nilipima mpaka mstari wa kwanza. Haukuvuka. Naapa haukuvuka."

"Wangu pia haukuvuka, baba."

Daktari akaweka mkono juu ya meza, karibu na mkono wa mzee, asiuguse. Binti alitamani awagombeze. Msimamizi wa dobi angejua la kusema mahali kama hapo.

"Kwa hiyo ni maradufu," baba alisema. "Sema, daktari. Ni maradufu inayomuua."

"Huenda ni hiyo. Huenda hata kwa kipimo kimoja yangefika hapa. Figo zake zilikuwa mbovu tangu mwanzo. Sina namna ya kujua, mzee, na nikikuambia najua nitakuwa nakudanganya."

Afadhali angekuwa mwongo. Baba alisimama pale akisubiri hukumu kama mtu aliyenyoosha mikono afungwe pingu, na pingu haziji.

"Sasa?" binti akauliza.

"Naweza kumtundikia maji. Akae hapa, kwenye kizimba, pengine zitaamka kidogo. Nafasi ni ndogo, na atakuwa na maumivu, na safari hii dawa ya maumivu siwezi kumpa kabisa. Au nimpumzishe. Ni sindano moja, analala, haamki."

Baba akamtazama paka. Kwa muda alionekana amerudi nyuma ya dirisha lake la zamani, na foleni ndefu mbele yake.

"Hiyo sindano," akauliza, "madhara yake ni yapi?"

Daktari alimwangalia binti, kisha akamrudia mzee. Akamjibu kama alivyouliza, kwa heshima.

"Haina madhara, mzee."

"Basi imepatikana." Akacheka kile kicheko cha puani, kikakatikia njiani. "Dawa isiyo na madhara. Miaka yote hiyo."

"Baba, niambie tufanye nini."

"Sema wewe, mama. Mimi nimeshasema sana."

Kwa hiyo alisema yeye. Alidhani neno hilo litakuwa zito, lingehitaji kusukumwa litoke. Lilitoka jepesi, kama namba ya mteja anayechukua nguo zake. Baba alishika kichwa cha Bawabu kwa mikono miwili mpaka daktari alipomwambia, kwa sauti ya chini, kwamba anaweza kukiacha sasa. Hakukiacha mara moja.

*

Walimzika nyuma ya nyumba, ukutani, ndani ya shati lile lile. Lilikuwa shati ambalo binti aligeuza kola yake. Baba alilikunja akianzia kolani, kidole chake kikapita juu ya mshono wa upande wa pili, polepole, kikausoma wote.

"Kazi safi," alisema. Ndiyo mara ya kwanza kuutaja.

Binti akapika. Hakuwa na njaa, lakini mikono ilihitaji mahali pa kwenda. Akaandaa sahani mbili mezani. Kifuniko cha kopo kilikuwa bado sakafuni. Alitaka kukiondoa kabla baba hajaingia, akashindwa kujua akipeleke wapi, akakiacha.

Baba akaketi. Akanawa. Akamega tonge la kwanza, akalibonyeza kwa kidole gumba mpaka likawa bapa, akaanza kuinama. Akaishia katikati. Mgongo wake ulibaki umepinda hivyo, mkono ukining'inia na tonge lake, na binti akatazama sahani yake mwenyewe kwa sababu hakuna kitu kingine kilichoruhusu kutazamwa.

Kisha baba aliinuka. Akanyoosha mkono juu ya meza, akaliweka tonge ukingoni mwa sahani ya bintiye.

"Anza wewe."

"Baba..."

"Meza nikuone."

Alilisema kwa sauti ile ya dirishani, isiyo na ukali wala huruma. Binti akalichukua. Lilikuwa limepoa, limekandamizwa mno, lina alama ya kidole gumba. Akalitia kinywani, akalitafuna, likakataa, akalisukuma kwa nguvu mpaka likashuka. Akafungua kinywa amwonyeshe baba, kama walivyofanya wagonjwa wake.

"Sasa wewe," akamwambia. "Nikuone."

Baba akamega tonge la pili. Akalitazama kwanza, likapanda, likaingia. Akatafuna. Alitafuna muda mrefu kuliko wali unavyohitaji, macho yakiwa mlangoni, pale kizingitini ambapo sasa mtu yeyote angeweza kuingia bila kuruka kitu. Taya zikapunguza mwendo. Zikasimama.

Binti aliweka mikono yote miwili mezani, akakaza macho kwenye koo la baba yake, lile koo jembamba lililonyolewa vizuri, akangoja lipande na kushuka.